Kinachoutuliza Ubongo

  Natumaini kila mtu amekwisha kukaa na redio inasikika mpaka benchi la nyuma. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: NEVA, GABA, KIPOKEZI. Ninyi wanafunzi yaandikeni katika madaftari yenu. La kwanza huenda mmekwisha kulisikia. La pili na la tatu ni mageni, lakini msiogope. Kabla ya saa yetu kwisha mtayazoea kama majina ya jirani zenu.

Leo tunazungumza juu ya ubongo, na hasa juu ya namna ubongo unavyojizuia. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya ubongo ni kuamrisha tu: mkono, inuka, mguu, piga hatua, ulimi, sema. Hayo ni kweli. Lakini ubongo una kazi nyingine kubwa, nayo ni kusema: acha, ngoja, nyamaza.

Tujaribu sasa hivi. Kila mtu akunje mkono wake wa kulia polepole, kama anayeinua kikombe cha chai kizito. Kwa mkono wa kushoto ashike msuli wa mbele, juu ya kiwiko. Umekaza, sivyo? Sasa ashike msuli wa nyuma. Huo umelegea. Je, nani aliuambia ulegee? Kama misuli yote miwili ingevuta pamoja, mkono ungekakamaa na kikombe kisingefika mdomoni. Basi mlipotoa amri moja ya kuinua, amri nyingine ya kuzuia ilitoka pamoja nayo, wala hamkuisikia.

Haya, tuanze na neno la kwanza. Ubongo na uti wa mgongo vimejengwa kwa seli ndogo sana zisizoonekana kwa macho matupu. Zile zinazopeleka habari huitwa seli za neva. Mwaka 2009 wataalamu wa Brazili walitangaza hesabu yao: ubongo wa mtu mzima una seli za neva kiasi cha 86,000,000,000. Mwalimu aiandike ubaoni, nanyi mhesabu sufuri. Ni bilioni themanini na sita. Baadhi ya seli hizo hupokea habari kutoka kwa wenzake maelfu.

Fikirini baraza la kijiji. Watu mia wamekuja, kila mmoja ana neno lake. Pasipokuwa na mwenyekiti wa kusema, "Ngoja, bwana, mwenzako hajamaliza," hapatakuwa na baraza. Patakuwa na kelele tu. Katika tabaka la juu la ubongo, kiasi cha seli moja katika kila tano hufanya kazi hiyo ya mwenyekiti. Seli hizo hazipigi makofi wala hazipazi sauti. Hutoa kitu kidogo, nacho ndicho neno letu la pili: gaba. Gaba ni jina la kifupi. Jina lake kamili ni asidi ya gama-aminobutiriki, na sioni haja ya mwalimu kuchosha chaki kwa hilo.

Gaba haikujulikana zamani katika ubongo. Mwaka 1949 wataalamu waliiona ndani ya viazi. Naam, viazi hivi vya kawaida vya mviringo. Mwaka 1950 Eugene Roberts, huko St. Louis, Marekani, aliikuta kwa wingi katika ubongo wa panya, na Jorge Awapara naye akaiona mwaka ule ule. Wakati huo hakuna aliyejua inafanya nini huko. Jambo la ajabu ni kwamba jibu lilitoka kwa kamba. Ernst Florey na wenzake, huko Montreal, Kanada, walikamua ubongo wa ng'ombe, wakachukua maji yake na kuyatia juu ya neva ya kamba wa mtoni. Neva iliyokuwa ikipiga ikanyamaza. Mwaka 1957 walitangaza kwamba kitu kilichoinyamazisha ni gaba ile ile. Halafu mwaka 1966 wataalamu wengine wa Marekani walichukua kamba mkubwa wa baharini, ambaye ana neva moja ya kukaza msuli na nyingine ya kuuzuia. Waliposisimua neva ya kuzuia, gaba ilitoka. Waliposisimua ile ya kukaza, haikutoka. Ninyi wenzetu wa pwani mnaouza kamba sokoni, jueni basi kwamba mnyama huyo ametufundisha jambo kubwa juu ya vichwa vyetu wenyewe.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Seli ya neva ina umeme. Ikiwa imepumzika, umeme wa ndani ni pungufu kuliko wa nje kwa kiasi cha milivolti 70. Ni nyingi au ni chache? Jiwe moja la redio mnayosikiliza lina milivolti 1,500. Kwa hiyo nguvu ya seli ni kama sehemu moja ya ishirini ya jiwe moja. Seli za jirani zikiichochea, upungufu ule huanza kujazwa: kutoka 70 hubaki 65, halafu 60. Ukibaki karibu 55, seli hufyatuka kama bunduki, na habari hukimbia katika mkia wake mpaka kwa seli inayofuata.

Kati ya seli na seli kuna mwanya. Ni mdogo mno. Chukueni karatasi moja ya daftari mwitazame kwa ubavu. Katika unene wa karatasi hiyo ingeingia mianya kama 5,000. Seli ya kuzuia inapotaka kumnyamazisha jirani, hupasua vifuko vidogo vilivyo mwishoni mwa mkia wake, na gaba iliyomo humwagika katika mwanya huo. Upande wa pili, juu ya ngozi ya seli jirani, inangojewa. Kinachoingoja ndicho neno letu la tatu, kipokezi.

Kipokezi ni kitu kinachopokea. Hiki tunachokisema huitwa kipokezi A. Kimejengwa kwa vipande vitano vilivyosimama mduara, kama mbao za pipa, na katikati kuna tundu. Kwa kawaida tundu limefungwa. Gaba ikija, hukaa katika vishimo viwili vilivyo kati ya vipande hivyo, kama funguo mbili za kasha moja. Mara tundu hufunguka. Kazi yote hiyo huchukua muda kama wa sekunde moja iliyogawanywa mara elfu.

Tundu likifunguka, ni nini kinachopita? Ni kloridi. Msishangae jina hilo, maana mnaila kila siku: chumvi ya jikoni ni natri na kloridi. Chembe za kloridi zina umeme wa upande wa upungufu. Zinapoingia katika seli, huzidisha upungufu au huushikilia mahali pake. Seli iliyokuwa imefika 60, ikikaribia kufyatuka, hurudishwa nyuma kuelekea 70. Wachochezi wake wanapiga kelele, lakini yeye hatikisiki. (Na asije mtu akatoka hapa akaenda kulamba chumvi ili atulie. Mwili hupima kloridi yake wenyewe, na chumvi nyingi ina hasara zake nyingine.)

Kazi ikiisha, gaba haiachwi kuzagaa. Huvutwa kurudi ndani ya seli iliyoitoa, au ndani ya seli nyingine zinazoitunza neva, na mlango hujifunga. Breki iliyokwama haifai, kama vile breki iliyokatika isivyofaa.

Kuna kipokezi kingine kiitwacho B. Norman Bowery na wenzake wa Uingereza walikionyesha mwaka 1980. Hicho hakina tundu lake mwenyewe. Gaba ikikigusa hupeleka tarishi ndani ya seli, naye huenda kufungua milango mingine, kwa hiyo kazi yake ni ya polepole na hudumu zaidi. Dawa iitwayo baklofeni, wanayopewa watu waliokakamaa misuli kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, hufanya kazi kupitia kipokezi hicho. Kwa leo yatosha juu ya B.

Sasa huenda mwanafunzi mmoja anajiuliza: gaba yenyewe hutoka wapi? Hapa pana jambo ambalo mimi hulipenda sana. Gaba hutengenezwa kutokana na glutamati, na glutamati ndiyo kitu kikubwa cha kuchochea seli za ubongo. Maana yake breki hutengenezwa kwa mafuta yale yale yanayokimbiza gari. Seli ya kuzuia huchukua glutamati, ikaikata kipande kidogo, na ile iliyochochea hugeuka kuwa ya kutuliza. Lakini kisu cha kukatia hakifanyi kazi peke yake. Huhitaji vitamini iitwayo B6.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani, watoto wachanga waliokuwa wakinyweshwa maziwa ya kopo ya aina moja walianza kupata degedege. Hawakuwa na homa, wala hawakuanguka. Wazazi walihangaika. Madaktari walipochunguza waliona kwamba maziwa hayo yalipikwa kwa moto mkali kiwandani ili kuua vijidudu, na moto huo uliharibu vitamini B6. Watoto walipopewa vitamini hiyo, degedege ikaisha. Ubongo wao ulikuwa mzima. Ulikosa tu kitu cha kutengenezea breki. Mama anayenyonyesha asiogope habari hii, maana B6 imo katika samaki, kuku, maini, dengu, viazi na ndizi, naye humpa mtoto katika maziwa yake. Lakini wako wagonjwa ambao daktari huwaongezea vidonge vya B6, kama wengi wanaotumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Mtu akizidisha dawa hiyo kupita kiasi anaweza kushikwa na degedege, kwa sababu B6 hushindwa kazi na gaba hupungua. Kwa hiyo vidonge vya kifua kikuu viwekwe mbali na watoto.

Ugonjwa mwingine unaotuonyesha breki iliyokatika ni pepopunda. Jina lake linatuambia watu wa zamani walifikiri nini: ni pepo. Mdudu wa pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Huingia kwa kidonda, au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu. Sumu yake hupanda kwa kufuata neva mpaka uti wa mgongo, ikaingia katika zile seli za kuzuia. Humo hukata nyuzi ndogo zinazotumika kupasulia vifuko. Gaba imo, na mwenzake aitwaye glisini, anayefanya kazi hiyo hiyo ya kuzuia katika uti wa mgongo, naye yumo, lakini hawawezi kutoka. Basi misuli huvuta ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na ile ya taya hufunga kinywa. Mlango ukigongwa tu, mgonjwa hupindika kama upinde. Kumbukeni jaribio letu la kikombe. Sindano ya chanjo huzuia jambo hilo lote, na mama mjamzito akichanjwa humkinga na mtoto atakayezaliwa.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya kifafa, maana najua katika madarasa mengi yanayosikiliza yupo mtu mwenye ndugu wa namna hiyo.

Kifafa ni hali ya seli nyingi za ubongo kufyatuka pamoja na tena na tena, na breki kushindwa kuzizuia. Sababu ni nyingi: jeraha la kichwa, kuzaliwa kwa shida, malaria iliyopanda kichwani, minyoo ya nguruwe iliyofika ubongoni, na mara nyingine haijulikani. Baada ya muda seli hujituliza zenyewe, na mtu huamka amechoka bila kukumbuka lililotokea.

Mwaka 1960, huko Mahenge katika Tanganyika, daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya watu wenye kifafa. Aliwakuta wametengwa. Watu waliogopa mate yao wakidhani ugonjwa huambukiza. Walilishwa katika vyombo vya peke yao. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto, kwa kuwa walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwavuta. Daktari huyo aliwapa vidonge vya fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 huko Ujerumani. Wengi wao waliacha kuanguka mara kwa mara kama zamani. Miaka mingi baadaye wataalamu waliona pia kwamba wingi wa kifafa katika sehemu za Mahenge unafuatana na ugonjwa wa usubi, ule unaoletwa na inzi weusi wa mitoni, na hiyo ni sababu nyingine ya kumeza dawa za usubi zinapogawiwa vijijini.

Je, kidonge cha fenobabitoni hufanya nini? Sasa mnaweza kuelewa bila shida. Huenda kwenye kipokezi A. Hakikai katika vishimo vya gaba. Kina mahali pake pengine. Gaba ikifungua mlango, dawa hiyo huuegemea, ukakaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Kloridi nyingi huingia, seli ikatulia. Dawa nyingine, diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, nayo huenda kwenye kipokezi hicho hicho, ila yenyewe husaidia mlango kufunguka mara nyingi zaidi. Kwa miaka mingi madaktari walizitumia bila kujua zinashika wapi. Mwaka 1977 ndipo mahali pa diazepamu katika ubongo palipopatikana, na mwaka 1987 wataalamu wakasoma muundo wa vipande vya kipokezi chenyewe.

Hapo panatoka mambo mawili ambayo nawaomba myaandike hata kama mkono umechoka.

La kwanza ni juu ya kuacha dawa. Mgonjwa aliyekunywa fenobabitoni mwaka mzima hukaa miezi bila kuanguka. Ndugu zake husema, "Amekwisha pona, ya nini kupoteza nauli ya kwenda zahanati?" Dawa ikaachwa siku moja. Lakini ubongo ulikwisha kuizoea ile egemeo mlangoni, na wenyewe ukalegeza milango yake. Egemeo likiondolewa ghafula, breki huwa dhaifu kuliko zamani. Mgonjwa anaweza kuanguka mara nyingi mfululizo, bila kuzinduka katikati, na kufa. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo na kwa shauri la mganga wa zahanati. Wala isingojewe mpaka chupa iwe tupu ndipo mtu atafute nauli.

La pili ni pombe. Pombe nayo husaidia gaba katika kipokezi A, ndiyo maana mlevi husinzia na miguu yake hupepesuka. Mtu akinywa pombe juu ya fenobabitoni au vidonge vya usingizi, breki hukanyagwa na miguu miwili. Ubongo ndio unaoamrisha pumzi, na pumzi inaweza kusimama. Na mlevi wa miaka mingi anayeacha kwa siku moja hupatwa na lile lile la dawa iliyoachwa ghafula: kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyokuwapo, na hata kuanguka degedege. Akitaka kuacha, na aache, ni jambo jema. Lakini aende kwanza kwa daktari.

Mkimwona mtu ameanguka kifafa, mwondoeni karibu na moto na maji. Mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke. Msimshike kwa nguvu, wala msitie kijiko, kijiti au kidole kinywani mwake. Mate yake hayaambukizi. Tazameni saa: ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali upesi. Huko mara nyingi atapewa diazepamu, nanyi mnajua itakwenda kufanya kazi wapi.

Mwalimu, saa yetu inakaribia. Baada ya kuzima redio, kila mwanafunzi aandike sentensi tatu zake mwenyewe, moja kwa kila neno lililo ubaoni. Halafu darasa lizungumze juu ya maswali mawili. Kwanza, kwa nini mtu mwenye pepopunda hukakamaa ingawa gaba yake haikupungua? Pili, katika kijiji chenu, mtu mwenye kifafa hula chakula pamoja na nani, na yeye au ndugu zake hupata dawa wapi? Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya jicho. Kwaherini.